Kabla Hujafunga Filta ya Koni: Maneno kwa Wadogo Zangu wa Magari ya Turbo

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea gari lake la turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa kwa shinikizo, akafungua boneti kwa madaha ya bwana harusi, akanionyesha filta ya koni inayong'aa na bomba lake jipya la hewa mahali palipokuwa na boksi la filta la kiwandani. "Kaka, sikiliza linavyovuta pumzi," akaniambia, kisha akakanyaga mafuta. Nilisikiliza. Nilipomwuliza kama programu ya kompyuta ya injini ilipangwa upya baada ya bomba hilo kufungwa, alicheka na kunijibu kwamba muuzaji alimhakikishia kuwa ni kazi ya kufunga na kuondoka. Nilipomwuliza lilipo boksi la zamani, alisema alikwisha kulitupa. Nilishika kichwa, kwa sababu maneno hayo hayo, na kicheko hicho hicho, viliwahi kutoka kinywani mwangu, na vikaniondolea injini nzima.

Siandiki ili kuwakataza kubadilisha magari yenu. Mimi mwenyewe sijawahi kumiliki gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani kwa zaidi ya miezi miwili. Naandika kwa sababu nimechoka kuona kila kundi jipya likitumbukia katika shimo lile lile, tena kwa furaha.

1. Ponya gari kabla ya kulitia nguvu. Pima kompresheni ya silinda zote, yaani jinsi kila moja inavyobana hewa, badilisha oili na plagi, kagua bushi na mipira yote ya hewa ya turbo, na uandike ulichokikuta. Mpira unaovuja kidogo kwa shinikizo la kiwandani utachomoka siku utakapopandisha shinikizo, na utadhani kosa ni la kifaa kipya. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haina sauti wala haipendezi katika picha.

2. Tairi na breki hutangulia nguvu. Seti ya tairi nzuri itapunguza muda wako kwenye uwanja wa mbio kuliko bomba lolote la moshi. Kuhusu mafuta ya breki, kumbukeni kwamba mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hutakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155, na ndiyo sababu pedali huzama mguuni mwa mtu ambaye ana pedi za mashindano na mafuta ya miaka minne. DOT 5.1 yanaweza kuchukua nafasi ya DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, na hayachanganywi na hayo mengine hata kidogo.

3. Ukigusa njia ya hewa, umegusa hesabu ya mafuta. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX STI yenye injini ya lita 2.5, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilinunua bomba la hewa lenye kipenyo kikubwa kuliko la asili pamoja na filta yake ya koni, nikalifunga Jumamosi asubuhi kwa bisibisi moja na soketi ya milimita 10, na kufikia mchana nilikuwa nikizunguka huku madirisha yakiwa wazi ili kila mtu anisikie. Mnajua wenyewe jinsi sensa ya hewa inavyofanya kazi: hupima hewa inayopita karibu na waya wake mdogo wenye joto, na kompyuta hukisia hewa yote kwa kutegemea kipenyo cha bomba inachokijua. Ukiipanua njia, hewa hupita taratibu zaidi mbele ya waya ule ule, sensa hupeleka volti ndogo zaidi, kompyuta huamini kwamba hewa ni chache kuliko ilivyo, na mafuta yanayomiminwa huwa pungufu.

Ukiendesha polepole hutaona shida, kwa kuwa sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi huligundua pengo na kompyuta huongeza mafuta hadi uwiano wa hewa kwa mafuta urudi karibu na 14.7 kwa 1. Lakini ukikanyaga hadi chini, kompyuta huacha kuisikiliza sensa hiyo na kufuata jedwali la mafuta lililoandikwa ndani yake. Wakati huo injini ya turbo inataka petroli nyingi, uwiano wa karibu 11 hadi 12 kwa 1, na jedwali langu lilikuwa likisoma uongo.

Nisidanganye kwamba sikuonywa. Nilikuwa na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Katika wiki ya kwanza ilinionyesha kwamba kompyuta inaongeza asilimia 17 ya mafuta ili kuziba pengo, nikajiambia kuwa gari "linazoea." Kisha taa ya injini ikawaka kwa msimbo wa P0171, ambao maana yake ni mafuta pungufu, nikaufuta. Ukarudi, nikaufuta tena. Niliufuta mara nne, na mara ya nne nilikuwa nimeshaujua mpangilio wa vitufe kwa kidole bila kutazama. Injini ilipokuwa ikigonga, yaani mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, sikuweza kusikia, kwa sababu mngurumo wa ile filta niliyoinunua kwa ajili ya sauti ulifunika kila kitu.

Mwisho ulifika siku ya uwanjani, jua likiwa kali, katika gia ya nne, shinikizo likiwa limejaa, kwenye sehemu ndefu iliyonyooka. Hapakuwa na kishindo. Gari lilipoteza hamu tu, na niliporudi kuegesha, injini ilikuwa ikitetemeka gari likiwa limesimama, moshi wa buluu ukitoka kwa mafungu, na mpira wa hewa ulikuwa umelowa oili ndani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linaniuma kuliko injini. Usiku ule, kabla gari halijavutwa kwenda gereji, nililing'oa lile bomba na kurudisha boksi la kiwandani, nikachomoa betri ili kompyuta isahau, na asubuhi fundi aliponiuliza nimebadilisha nini, nilimjibu bila kupepesa: "Hakuna, mzee." Alikuwa mtu mzima mwenye subira, na aliniamini. Alitumia siku mbili kukagua koili, plagi na nozeli, kazi ambayo hakustahili kuifanya, kwa sababu tu nilimwonea aibu. Siku ya tatu akapima kompresheni: silinda tatu zilikuwa karibu baa 10, na ya nne haikufika 4. Akaisukumia hewa silinda hiyo, na hewa ikatoka kwa sauti kwenye tundu la kujazia oili. Injini ikashushwa, ikafunguliwa, naye akaniwekea kiganjani kipande cha aluminiamu chenye ukubwa wa ukucha wa mtoto. Ulikuwa ukingo kati ya mifereji miwili ya ringi za pistoni, umevunjika kwa kugongwa.

Hakugomba. Aliinama kwenye mpira wa hewa, akaigusa klempu, mshipi wa chuma wa kuubania, niliyoifunga usiku ule kwa haraka, iliyokuwa ikimetameta katikati ya vyuma vyenye vumbi la miaka, akaniuliza, "Kijana, hii umeifunga lini?" Nilikaa miezi minane nikitembea kwa miguu, na kila siku ya miezi hiyo nililikumbuka swali hilo zaidi ya pistoni.

Kwa hiyo, ukitaka bomba la hewa, panga siku ya kupangiwa programu kabla ya kulinunua, funga geji ya uwiano wa hewa na mafuta mahali unapoweza kuiona, na mwambie fundi ukweli wote hata kama unakuaibisha. Programu nayo hupangwa kwa petroli unayoitumia kila siku. Iliyopangwa kwa oktani 98, kipimo cha petroli kustahimili kugonga, haifai kuendeshwa kwa 91.

4. Sauti ya kupuliza. Najua mnaitaka ile "pshaa" kila mnapobadilisha gia. Kwenye gari lenye sensa ya hewa, vali inayomwaga hewa nje humwaga hewa ambayo kompyuta imekwisha kuihesabu, na injini hubaki kwa sehemu ndogo ya sekunde ikinywa petroli ya bure. Ni ucheshi tu, hauongezi nguvu, lakini angalau hauvunji pistoni.

5. Kushusha gari. Gari lenye stratu za MacPherson, zile nguzo zinazounganisha springi na shokomzoba, likishushwa kupita kiasi, kitovu chake cha kuyumba, yaani nukta ambayo bodi huinamia kwenye kona, hushuka kuliko uzito wake unavyoshuka, kwa hiyo linaweza kutaka kulala zaidi kwenye kona huku likionekana la mashindano, na shokomzoba zikishagonga mpira wa mwisho, tairi hurukaruka badala ya kushika. Teremsha kidogo, kisha uende kupima alaimenti siku hiyo hiyo. Boliti za bushi za mpira kazeni gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo bushi zitachanika.

6. Rimu. Pima ofuseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi inapofungwa, na tundu la katikati kabla ya kulipia, na ukaze nati upya kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, baada ya kilomita 80 hivi.

7. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukifunga vitu vitano mwisho wa wiki na gari likaanza kukohoa Jumatatu, hata malaika hatajua aanzie wapi. Weka daftari lenye tarehe na kilomita. Iarifu kampuni yako ya bima. Na kifaa cha kiwandani usikitupe, hata kama unakidharau leo.

Hilo la mwisho limemfika kijana wangu. Amepiga simu juzi: amepata boksi la filta kwa mwenzake aliyelivua, na anataka kulirudisha mpaka siku ya kupangiwa programu ifike. Nimemwambia alifunge kwa klempu mpya, na asinifiche kwamba ni mpya.