Mkuu, si baridi iliyoua shirane-aoi yako

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Umepanda Glaucidium palmatum, ua la misituni Japani ambalo wenyewe wanaliita shirane-aoi, misimu miwili mfululizo. Kila kipupwe umeifunika kwa nailoni isigande, na kila majira ya kuchipua umeambulia udongo mtupu. Sasa unauliza uiongezee joto kwa njia gani, au uachane nayo ujaribu komakusa, ua la milima mirefu.

Joto usiongeze. Na komakusa iache kwanza, nitafika huko.

Mimea hii ya misituni na milimani Japani nimeihangaikia mwaka wa kumi na nne sasa, na mitatu ya mwanzo nilifanya hayohayo unayofanya wewe. Shirane-aoi yangu ya kwanza niliiua kwa huruma. Nilijenga kibanda kidogo cha nailoni juu yake, nikakibana pembeni kwa mawe, nikalala nikijisifu. Kumbe jua la kipupwe likichomoza, ndani ya kibanda kile panapata joto la kutosha kuudanganya mmea kwamba theluji imeyeyuka. Tumba likaanza kufunguka wiki tano kabla ya wakati wake. Usiku mmoja sakitu ikapiga. Asubuhi nikakuta chipukizi limelala ubavu, jeusi, ukiligusa linaacha maji kwenye kidole. Shina la chini ya udongo likajitahidi kutoa jingine, nalo likapigwa. La tatu halikutoka.

Kabla ya kufikiria udongo, mbolea au dawa, jiulize mmea wako unatoka upande upi wa mlima. Upande wa Japani unaotazama Bahari ya Japani, pepo za kipupwe hutoka Siberia zikiwa kavu, zikavuka bahari zikijaza unyevu, kisha zikagonga milima na kumwaga theluji ya mita kadhaa. Shirane-aoi ni ya huko, kuanzia Hokkaido hadi katikati ya Honshu, na jina lake limetokana na Mlima Nikko-Shirane, mpakani mwa mikoa ya Tochigi na Gunma, wenye mita 2,578. Chini ya theluji nene kiasi hicho joto linabaki karibu na nyuzi sifuri kwa miezi. Halipandi, halishuki. Ardhi haigandi kabisa na mmea haushtuliwi. Theluji ikiondoka, imeondoka. Tumba linafunguka mara moja, maji ya theluji yapo tele, miti bado haina majani. Bustani isiyo na theluji ya kudumu haina utulivu huo: leo inaganda, kesho jua, keshokutwa mvua. Ninyi mnaopigana na baridi mnapigana na adui ambaye si wake.

Dawa yangu ni majani makavu. Udongo ukishapoa kabisa mwishoni mwa vuli, si kabla, natandaza majani kama sentimita 25 na kuweka wavu juu yasipeperuke. Mwaka mmoja nilizika kipimajoto chini yake. Nje asubuhi kulikuwa na nyuzi 8 chini ya sifuri. Chini ya majani ilikuwa sifuri na nusu, na mchana jua lilipotoka ilikuwa palepale. Hicho ndicho unachokitaka. Matandazo haya kazi yake ni kuuchelewesha mmea, kuupasha moto hapana. Nayatoa kidogokidogo, nikibakiza rundo pembeni kwa ajili ya usiku wa sakitu ya mwisho, maana hiyo ndiyo inayokuja wakati chipukizi liko nje, laini, halina ulinzi.

Baada ya hapo kilichobaki ni upepo na kiangazi. Majani ya shirane-aoi ni mapana lakini mepesi, upepo mkavu unayakausha kingo kwa siku moja. Ipande mahali penye kivuli cha miti inayopukutisha majani, nyuma ya kitu kinachokinga upepo, kwenye mboji ya majani yaliyooza vizuri iliyochanganywa na changarawe ili maji yapite. Ua lake halina petali hata moja. Zile nne za zambarau mpauko unazoziona ni sepali, yaani vijani vinavyofunika tumba, nyembamba kama karatasi ya kufungia zawadi, na mvua kubwa ikinyesha siku inapochanua umepoteza mwaka. Mimi huwa nasimamisha mwavuli. Majirani wamezoea.

Sasa si mimea yote ya Japani inatoka kwenye theluji, na hapa ndipo wengi tunapochanganya. Kirengeshoma palmata ni ya milima ya Shikoku, Kyushu na rasi ya Kii, upande wa Pasifiki, ambako kinachotegemewa ni mvua za kiangazi. Hii ndiyo ningekushauri uanze nayo. Inafika kimo cha mita moja au kuzidi kidogo, majani kama ya mti wa maple, mashina ya zambarau iliyoiva, na mwisho wa kiangazi inatoa maua ya njano mazito kama yamechongwa kwenye nta. Inasamehe mengi isipokuwa kiu na chokaa. Ikikosa maji wiki moja kwenye joto, kingo za majani zinaungua na matumba yanabaki yamefumba mpaka yanaanguka. Ninayo moja iliyozidi umri wa ndoa yangu, sijaifanyia chochote zaidi ya kumwagilia na kuwinda konokono.

Konokono, hasa wale wasio na gamba, wanastahili aya yao. Mmea wa aina hii unatoa machipukizi machache tu kwa mwaka, pengine moja. Konokono mmoja, usiku mmoja, kwisha habari, na wewe utasema mmea umekufa kwa baridi. Toka na tochi saa mbili baada ya giza, hasa ikiwa mvua imenyesha, kuanzia wiki ile machipukizi yanapopasua udongo. Nimejaribu kila kitu kinachouzwa. Tochi na ndoo ndivyo vimebaki.

Anemonopsis macrophylla, au renge-shoma, nayo inahitaji uvumilivu wa namna hiyo, ila ushauri wangu ni mmoja tu: ipande juu ya ukingo, wewe upite chini. Maua yake yanainama, na uzuri wote uko ndani. Ya kwanza niliipanda kwenye usawa wa njia, nikawa napiga magoti kwenye tope kila jioni na kioo cha kunyolea ndevu mkononi.

Kuna nyingine watu wanaitafuta kwa sababu ya picha za mtandaoni: Diphylleia grayi, sankayo. Ni kweli petali zake nyeupe zikiloa zinakuwa kama kioo. Seli za petali zimepangwa kwa kulegea na katikati yake kuna hewa; maji yakijaza nafasi za hewa, mwanga unapita moja kwa moja badala ya kutawanyika. Mara ya kwanza kuliona nilidhani mvua imepukutisha maua, nikainama kuokota petali ambazo hazikuwepo chini. Zilikuwa bado juu, nikaona mishipa yake tu na matone. Lakini inataka mvua nyepesi ya muda mrefu. Manyunyu ya chupa hayafanyi kazi vizuri, na mvua kali inaziangusha petali. Ukiinunua kwa ajili ya hilo peke yake utachoka. Inunue kwa ajili ya yale majani yake mawili makubwa na tunda la buluu.

Kuhusu mbegu, umegusia kwamba ulipanda za Trillium camschatcense na hazikuota ukazitupa. Pole, nami nilizitupa. Hii ni ile yenye ua jeupe la petali tatu, ua lililo kwenye nembo ya Chuo Kikuu cha Hokkaido. Nilizipanda kiangazi, nikaziweka nje kipupwe chote, majira ya kuchipua kimya. Nikangoja mpaka kiangazi kingine, nikabeba trei hadi kwenye rundo la mboji nikaipindua. Bonge la udongo lilipopasuka nikaona vitu vyeupe. Nikachuchumaa. Kila mbegu ilikuwa imetoa mzizi mmoja kama uzi, na pale mzizi unapoanzia kuna kijitumba kidogo kuliko punje ya mtama. Zilikuwa zimeota muda wote, chini kwa chini. Mbegu hizi zina usingizi wa awamu mbili: baridi ya kwanza inaamsha mzizi, ya pili inaamsha jani. Nikakaa pale na kibano mpaka giza, nikizirudisha moja moja. Theluthi hivi zilipona. Mwaka uliofuata kila moja ikatoa jani moja jembamba, na zitakaa hivyo, jani moja, kisha matatu, miaka kumi hivi kabla ya ua la kwanza. Kwa hiyo trei usiitupe kabla ya miaka mitatu, iandike tarehe, na mbegu zitafute mbichi, zile zilizotoka kwenye tunda msimu huohuo. Zilizokauka kwenye bahasha ni za kamari.

Katakuri (Erythronium japonicum) ina mahesabu ya karibu na hayo, miaka saba au minane hadi kuchanua. Mbegu zake zina kipande cha mafuta kinachowavutia sisimizi, wanazibeba na kuzitupa mbali. Ndiyo maana miche yangu huwa inajitokeza mahali ambapo sikuipanda, na inakua vizuri kuliko ile ya kwenye trei. Mmea ukishamaliza kazi unazama chini ya udongo na kutoweka mpaka mwaka ujao. Weka kijiti. Mimi nilipitisha uma wa bustani katikati ya tunguu la miaka sita kwa sababu nilikuwa na uhakika ninapajua mahali pake.

Haya, komakusa. Dicentra peregrina. Wenyewe wanaiita malkia wa mimea ya milima mirefu, na koma ni farasi mdogo, kwa vile tumba lake linafanana na uso wa farasi. Inaishi juu ya mpaka wa miti, kwenye miteremko ya kokoto za volkano zinazosogea, mahali ambapo mimea mingine imeshindwa. Mzizi unachimba chini sana kufuata ubaridi na unyevu. Ukiiweka kwenye udongo mzuri wa bustani umeiandalia kaburi. Nimeijaribu mara nne, kwenye vyungu virefu vya udongo, jiwe la pumisi (jiwe jepesi la volkano) tupu la punje ndogo, mboji karibu na hakuna, vyungu vimezikwa kwenye mchanga unaomwagiwa maji ili mizizi isipate moto. Wajapani wanatumia kanuma, pumisi yenye asidi inayochimbwa Tochigi, ambayo ina tabia nzuri ya kupauka ikikauka, hivyo unajua lini umwagilie. Mara tatu zilioza kwenye joto la kiangazi, usiku ulipokataa kupoa. Ya nne ilichanua mwaka mmoja, maua manne ya waridi, ikafa kiangazi kilichofuata. Nina picha. Siku ukiweza kuiweka shirane-aoi hai miaka mitano, tuzungumze.

Neno kuhusu kununua, kwa kuwa umetaja okidi za Cypripedium zinazouzwa bei ya kutupa. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na mizizi mikubwa, michafu, yenye alama za kukatwa, bila karatasi, ni mizizi iliyofukuliwa porini. Mbali na kuwa ni wizi, nyingi hazidumu, kwa sababu mizizi imeharibika na kuvu wanaoishi nazo wamebaki kule. Japani kuna mbili ambazo hadithi yake naipenda. Kumagaiso, yenye majani mawili yaliyokunjwa kama vipepeo vya mkononi, na atsumoriso. Zimepewa majina ya mashujaa wawili, Kumagai Naozane na Taira no Atsumori, ambaye Kumagai alimuua kwenye vita vya Ichi-no-Tani mwaka 1184. Mfuko wa ua uliwakumbusha watu kitambaa ambacho wapanda farasi walivaa mgongoni kikijaa upepo, kizuie mishale. Nunua iliyokuzwa kitaluni kutoka mbegu hata kama ni ghali mara tano, au usinunue.

Turudi kwako. Hujasema kama ulifukua baada ya kuona udongo mtupu. Shirane-aoi iliyopoteza chipukizi inaweza kukaa mwaka mzima chini bila kuonekana. Sukuma udongo kwa vidole, sepetu iache, mpaka uguse shina la chini. Likiwa laini na linanuka, limekwisha. Likiwa gumu na kuna tumba pembeni, hata dogo, rudisha udongo palepale, toa hiyo nailoni, mwagilia kiangazi chote kana kwamba kuna kitu kimeota, na usubiri majani yapukutike ndipo utandaze. Halafu uje useme umekuta nini.