Choroko Zilizoota kwa Kasuku na Njiwa, na Namna ya Kuiweza Baridi ya Mbeya

Kasuku mdogo wa tunduni ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Akilishwa alizeti kavu mwezi baada ya mwezi, ananenepa huku mwili wake ukikosa vitamini A na madini ya chokaa. Mbegu iliyoota ni afadhali. Ikinyonya maji na kuanza kutoa mzizi, huvunja wanga na mafuta iliyojiwekea, vitamini C huongezeka, na ndege huimeng'enya kwa urahisi zaidi. Chokaa haiongezeki, kwa hiyo maganda ya mayai bado yanahitajika: yachemshe dakika 10, yakaushe, uyaponde yawe chenga. Vitamini A mpe kwa karoti iliyokwaruzwa.

Huku Nyanda za Juu Kusini kuotesha nafaka si jambo geni, maana kimea cha ulezi cha togwa kinajulikana kila nyumba. Ila kimea huachwa hadi mizizi isukane, kikaanikwa na kusagwa. Cha ndege husimamishwa mapema, mzizi ukiwa na milimita 2 hadi 5, na huliwa kibichi, kikiwa bado na unyevu. Unyevu huo ndio unaokaribisha kuvu na bakteria, na karibu kila kosa katika kazi hii linaanzia hapo.

Anza na mbegu yenyewe. Ukienda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya au soko kuu la Iringa, muulize muuzaji kama choroko zake zimechanganywa na dawa ya wadudu. Nafaka nyingi hupakwa unga wa dawa ili zisibunguliwe ghalani, na unga huo hauishi wote kwa kuosha. Ukiona vumbi jeupe limeng'ang'ania kwenye mbegu, achana nazo. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi nyekundu au kijani usiziguse kabisa kwa ajili ya chakula, zimepakwa dawa kwa ajili ya shamba.

Kisha zijaribu kabla ya kuotesha nyingi. Hesabu punje 20, ziloweke, uzifunike kwa kitambaa kibichi. Zikiota chini ya 16, tafuta mzigo mwingine. Watu wengi hudhani mbegu zimeoza ndani ya chupa ya kuoteshea kwa sababu ya maji, kumbe ni zile punje zilizokufa. Punje isiyoota haifanyi kazi yoyote ndani ya chupa zaidi ya kulainika na kulisha kuvu, na uvundo wake huharibu zilizo hai.

Kwa kasuku wadogo wawili kijiko kimoja cha chai cha choroko kavu kinatosha kwa siku. Zitoe punje zilizovunjika, zioshe mara tatu, uziloweke kwenye chupa ya mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Maji yawe yaliyochemshwa na kupoa, mara tatu ya ujazo wa mbegu, na kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa kila lita. Saa 8 zinatosha wakati wa joto, saa 12 wakati wa baridi. Usizidishe, kwa sababu mbegu inapumua, na ikikaa chini ya maji muda mrefu inakosa hewa na kufa. Mwaga maji, suuza, funga mdomo kwa kipande cha chandarua kipya kisichotiwa dawa, uilaze chupa kwa mshazari mdomo ukiwa chini ili maji yote yatoke. Suuza asubuhi, mchana na jioni.

Ulezi uoteshe peke yake. Punje zake hupita kwenye chandarua, kwa hiyo tumia chujio la chai, na huchelewa kuliko choroko. Ukizichanganya, choroko zitakuwa zimeshapitiliza ulezi ukiwa ndiyo kwanza unapasuka.

Baridi ndiyo inayowasumbua wengi. Kyela kwenye joto, choroko hutoa mzizi ndani ya siku moja na kidogo. Mbeya mjini, Juni na Julai, usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na choroko zilezile zinaweza kuchukua siku tatu. Hapo watu huisogeza chupa karibu na jiko la mkaa. Upande mmoja unapata moto, mwingine unabaki baridi, na jioni chupa inanuka uchachu. Njia nzuri ni kusuuza kwa maji ya uvuguvugu, kuiviringisha chupa kwa kitenge, na kuiweka ndani ya hotpoti kifuniko kikiwa wazi kidogo ili hewa ipite.

Kabla ya kulisha, zitazame kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye mizizi ya ulezi utaona manyoya meupe laini yamezunguka kila mzizi. Watu huyatupa wakidhani ni kuvu. Suuza: manyoya ya mzizi hulala na kupotea machoni. Kuvu huwa kama utando wa buibui unaounganisha punje moja na nyingine, mara nyingi una kijivu au weusi, na hautoki kwa maji. Nusa pia. Harufu nzuri ni ile ya njegere mbichi iliyomenywa sasa hivi. Uchachu au ute vidoleni, tupa chupa nzima, usichague.

Mpe asubuhi akiwa na njaa, kijiko kimoja cha chai kwa kasuku mdogo na kimoja cha chakula kwa njiwa, ukianza na robo ya kiasi hicho. Mabaki yatoe baada ya muda wa saa tatu. Aliyezoea mbegu kavu anaweza kukataa wiki mbili au zaidi, basi nyunyizia zilizoota juu ya kavu. Usimnyime chakula ili akubali, ndege mdogo hufa upesi kwa njaa.

Maharage yetu haya ya Mbeya usimpe mabichi hata yakiota. Yana lektini, sumu isiyokwisha kwa kuotesha. Yachemshe hadi yalainike na umwage maji yake. Soya mbichi nayo huzuia protini isimeng'enywe. Karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu. Na parachichi, ambalo Rungwe na Njombe limejaa kila ua, ni sumu kwa ndege, nyama yake, jani lake na kokwa lake.

Kinyesi kuwa na majimaji kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Kikiwa cha kijani kilichokolea au chenye povu, na ndege amejikunyata manyoya yamesimama, ondoa mbegu zote zilizoota, mrudishie kavu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.