Udogo wetu haufuti dhuluma

Ndugu, umesema dunia ni chembe tu katika ulimwengu, kwa hiyo wema na ubaya ni mazoea ya binadamu yasiyo na uzito. Nusu ya kwanza naikubali. Mwaka 1990 chombo cha anga za juu cha Voyager 1 kiliipiga dunia picha kutoka umbali wa takriban kilomita bilioni 6, ikaonekana nukta hafifu. Lakini hiyo "kwa hiyo" yako inatoka wapi? Umbali haupimi maumivu. Mtoto mwenye malaria kule Arua, Uganda, anatetemeka juu ya mkeka, midomo imemkauka. Homa yake haishuki eti kwa sababu galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, ni nyingi. Na aliyemuuzia mama yake vidonge bandia amemdhulumu mtoto huyo, hakuzidhulumu nyota.

Tena geuza swali: ulimwengu mzima ungelingana na Ziwa Viktoria, wizi ungekuwa mbaya zaidi? Hata! Basi ukubwa hauhusiki kabisa. Na kama huko juu hakuna anayetujali, jambo linalonigusa sana, mtoto yule amebakiwa na jirani mwenye bodaboda ya kumfikisha kituo cha afya usiku huu.