Mbuzi wamekufa, mbona sikulipwa?
Dada, umeuliza kwa nini jirani wa eneo la pili alilipwa ilhali mbuzi wako walikufa ukiwatazama. Kwanza pole sana. Ile bima ya mifugo ambayo serikali ya Kenya ilianzisha 2015, Wajir na Turkana zikitangulia, haikuhesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho ya eneo zima; ukishuka chini ya kiwango, kila aliyesajiliwa hapo alilipwa, hata ambaye hakupoteza mbuzi. Ada ililipwa na serikali, kwa mifugo sawa na ng'ombe 5 au mbuzi 50 kwa kaya.

Kinachoniuma ni ule mti wa miiba, mathenge. Kiangazi kikali bado umesimama na majani yake, na kutoka angani kijani ni kijani, huku chini ya miiba yake ni vumbi tupu, hakuna nyasi ya kulisha hata mwana-mbuzi mmoja.

Pesa za HSNP, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini zisilale njaa, zile shilingi 5,400 za kila miezi 2, si za bima; zina daftari lake tofauti. Nenda kwa chifu na kitambulisho, uulize jina lako liko daftari gani. Na usimpe mtu yeyote hata shilingi ati akuandikishe.