Nobu ikiruka namba, shika mita kwanza

Ukijenga sinthesaiza (ala ya kielektroniki ya kuunda sauti) kwenye bodi ya kuprogramu, sauti unaweza kuipata siku ileile. Kitakachokunyima usingizi ni nobu, kile kitufe cha kuzungusha. Unazungusha tik moja (mshtuko mmoja unaousikia kidoleni) kulia, namba kwenye skrini inapanda mbili, inashuka moja, inatulia pasipotakiwa.

Mimi nilipoteza siku tatu hivyo. Nilifuta msimbo, nikauandika upya, nikabadili maktaba ya msimbo. Kumbe pini ya katikati ya enkoda, yaani kile kipande kilicho chini ya nobu kinachohesabu mizunguko, haikushika lehemu: ukiikandamiza nobu inakubali, ukiachia inagoma. Msimbo wa watu haukuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo zima umeme, weka mita ya umeme kwenye mlio, ilie ncha zake zinapounganika. Enkoda ya kawaida ina pini tatu upande mmoja: A na B za ishara, na C ya pamoja katikati. Mbili za upande wa pili ni za kitufe, ziache. Gusisha ncha moja C, nyingine A, kisha zungusha polepole mno, kama unafungua kasha la siri. Mita ilie, inyamaze, ilie tena. Rudia kwa B. Upande ukiwa bubu, tafuta lehemu mbovu au badilisha enkoda.

Zikilia zote, washa umeme, pima volti kati ya A na GND (sifuri ya umeme ya bodi). Kwenye bodi ya volti 3.3 unataka kuona 3.3 au karibu na sifuri, basi. Ukiona namba inayochezacheza kila unaposogeza kidole, pini inaelea: haina resista ya kuivuta juu. Iwashe ile ya ndani ya chipu, au funga ya kiloomu 10 kwenda 3.3. Usiivute kwenda 5 kama chipu haivumilii. Utaiunguza kwa ajili ya nobu.

Hapo sasa ndipo msimbo una kesi ya kujibu. Ikienda kinyume, badilishana A na B kwenye programu, usiguse chuma cha kulehemu. Ikiruka nne nne, hakuna kilichoharibika: enkoda nyingi hubadilika mara nne kwa kila tik, wewe gawanya. Onyesha hesabu ghafi kwenye skrini, zungusha tik kumi taratibu. Ukipata 40 kila mara, uko salama. Ukipata 37, kisha 42, vyuma vya ndani vinadunda vinapogusana. Kapasita ya nanofaradi 10 kutoka A kwenda GND, na nyingine kwa B, husaidia sana.

Kosa linalowachanganya wengi ni hili: polepole inahesabu vizuri, ukienda kasi inapoteza. Mara nyingi mwizi ni skrini. Ile ndogo ya nukta 128 kwa 64 ina baiti 1,024, na kwenye I2C (nyaya mbili za kupitisha data) ya kilohezi 400 kuijaza yote huchukua takriban milisekunde 23. Mkono wenye haraka hupitisha tik 48 kwa sekunde, yaani, kwa mabadiliko manne kila tik, badiliko moja kila milisekunde 5 hivi. Programu ikiwa inachora, manne yameshapita bila kuonwa. Mimi sasa nasoma pini kwa taima (saa ya ndani ya chipu) kila milisekunde 1, na skrini naichora pale tu namba inapobadilika.