Kabla Hujaliloweka Kasha la Baba, Nisikilize Mimi Niliyeloweka

Juzi usiku nikiwa zamu, simu ikatetema mfukoni. Ujumbe kutoka Muscat, kwa dada mmoja ambaye kumbe ananisoma kimya kimya siku nyingi, hapa ninapoandika habari za View-Master, kile kidude cha kuweka machoni ukatia kisahani chenye picha ndogo: "Shikamoo dada. Baba yetu ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita. Katika vitu vyake tumekuta kile kitazamio cha View-Master unachokisema kila siku, na kasha lake la kuwekea visahani, la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, limefubaa. Nimeliloweka kwenye beseni tangu asubuhi. Nikirudi dukani nalisugua kwa brashi na sabuni ya unga. Likishang'aa niliuze bei gani?"

Nilimjibu neno moja kwa herufi kubwa: LITOE. Kisha nikaongeza: litoe sasa hivi, lipanguse, dukani utakwenda baadaye. Hata pole ya msiba sikumpa mpaka kulipokucha. Mdogo wangu, nisamehe, na Mungu amrehemu mzee. Ila ungejua beseni na sabuni vilinifanyia nini mimi, usingenilaumu.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Bibi yangu mzaa mama aliporudi Hija alituletea kidude cha plastiki, kidogo kama kiberiti. Unaweka jicho, unaelekea kwenye mwanga, unaiona Kaaba. Unabonyeza, unaona Mina. Unabonyeza tena, Msikiti wa Mtume, Madina. Wengi mliokulia pwani mnakijua. Jioni watoto wa mtaa mzima walipanga foleni barazani kwetu. Lakini kilichonikaa moyoni ni kopo lake zaidi ya kidude chenyewe. Bibi alikitia kwenye kopo la biskuti, ndani ya kitambaa cha kanzu kuukuu, na kopo likalala uvunguni. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua ila yeye. Mlio wa kile kifuniko kikibanduka nausikia hadi leo.

Miaka yangu ya kwanza Marekani siisimulii, ilikuwa ya kazi na usingizi. Nilifikia Beaverton, jimbo la Oregon, na nimekaa zaidi ya mwaka bila kujua kwamba kiwanda cha View-Master kilikuwa mji huo huo hadi kilipofungwa 2001. Mwenye wazo lile alikuwa William Gruber, fundi wa kurekebisha sauti za piano, mhamiaji kama mimi, yeye wa kutoka Ujerumani. Alifunga kamera mbili za Kodak bega kwa bega, moja kwa ajili ya jicho la kulia na nyingine la kushoto. Mwaka 1938, kwenye mapango ya Oregon Caves, akakutana na Harold Graves, mkuu wa kampuni ya Sawyer's iliyokuwa ikiuza kadi za posta Portland. Mwaka uliofuata kisahani kikaingia sokoni: duara la karatasi ngumu lenye vipande 14 vya filamu, yaani picha 7, kwa kuwa kila picha huhitaji vipande viwili. Fundi piano! Nikiwasikia vijana wetu wakisema hawawezi kubuni kitu kwa sababu hawakusomea, humtaja huyu.

Sasa, wengi wakianza kukusanya hukimbilia visahani. Huo ni ushauri wangu wa kwanza na pengine ndio pekee: anza na kasha. Visahani vilitolewa kwa mamilioni. Jeshi la Marekani peke yake, kati ya 1942 na mwisho wa vita 1945, lilinunua karibu milioni 6 kwa ajili ya kufundishia askari. Havijaadimika hivyo. Na uzuri wake, kisahani cha 1945 kinaingia kwenye kitazamio cha 1975 bila tabu. Kilichokuwa kikitupwa ni nyumba yake. Boksi la karatasi lililochanika kona, albamu, kasha la bakelaiti lililopata ufa, ule mkebe wa duara wa enzi za kampuni ya GAF (hao waliinunua Sawyer's mwaka 1966), vyote mama wa nyumba alivitupa siku ya usafi. Na kasha ndilo linalokwambia nyumba ile ilikuwa ya watu gani. Kisahani cha Grand Canyon ni kile kile kwa kila mtu. Jinsi alivyovipanga, alichokiweka mbele, alichokificha nyuma kabisa, hapo ndipo unapomwona mwenyewe.

Haya nayasema kwa mdomo mpana leo. Mwaka 2014 sikuyajua.

Mwaka ule, nikitoka zamu ya usiku Ijumaa moja, nilipita kwenye nyumba walipokuwa wakiuza vitu vya marehemu. Huku ni desturi: mzee akifariki, watoto wanafungua milango, kila kitu kinabandikwa bei, hadi vijiko. Kwenye chumba cha chini ya ardhi, juu ya mashine ya kufulia, nikaliona. Kasha la bakelaiti, kahawia iliyokoza kama kahawa ya kijiweni, limejaa visahani vimesimama wima. Dola 18. Binti wa marehemu alikaa mlangoni na kopo la pesa. Akaniambia, "Baba aliandika humo kila safari yake na mama." Nikaitikia kwa kichwa, mawazo yangu yako kwenye chenji.

Ndani ya kifuniko palikuwa na karatasi imegandishwa, ya manjano, imejaa maandishi ya penseli. Namba ya kisahani, jina la mahali, mwaka. Mengine yana alama ya vema pembeni. Mimi nikaona uchafu. Nimelelewa kwamba kitu cha mgeni kikiingia nyumbani kinaoshwa, basi. Nikatia maji ya moto, nikatia sabuni ya vyombo, nikaliacha usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa uji. Nikaikwangua kwa kucha. Kisha nikachukua dawa ya kung'arishia magari, nikasugua mpaka nikaiona sura yangu.

Jinsi nilivyojivunia! Nikalipeleka kwenye mkutano wa wakusanyaji, nimevaa gauni la kitenge, nimeliweka mezani kama sahani ya pilau. Akaja mzee mmoja mwenye fimbo, wote wakimheshimu. Akalifungua. Akapitisha kidole pale palipobaki alama ya gundi. Akauliza, "Karatasi iko wapi?" Nikamwambia, kwa tabasamu, nimeisafisha. Hakuniambia kitu. Alikifunga kifuniko taratibu, akahamia meza ya pili. Nimesutwa mara nyingi maishani, tena na wanawake wa Tanga wanaojua kusuta, lakini mgongo wa yule mzee ndio uliosema kuliko wote. Nililia ndani ya gari. Kilichoniliza si bei. Binti wa watu aliniambia kilichomo, na mimi ndiye niliyekiyeyusha.

Na hasara haikuishia kwenye karatasi. Baada ya miezi michache kasha likaanza kupauka, likapoteza ule mng'ao wa mwanzo, likawa kama mguu wenye vumbi. Hapo ndipo nilipojifunza bakelaiti ni nini hasa. Aliivumbua Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia New York, mwaka 1907. Ni fenolo na fomaldehaidi, na mara nyingi huchanganywa na unga wa mbao, vikashindiliwa kwenye moto. Ikishaganda haiyeyuki tena, hata uichome. Ila ule mng'ao wa juu ni ngozi yake. Ukiikwangua ngozi, unga wa mbao uliomo unabaki wazi na unakunywa maji. Kwa hiyo usiloweke. Tumia brashi laini kavu, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo sana, ulipanguse papo hapo. Na usianike juani, jua nalo hulibadilisha rangi. Ukitaka kujua kama ni bakelaiti kweli, sugua kwa dole gumba mpaka pahali papate moto, kisha nusa. Kuna harufu kali ya dawa ya hospitali. Ukishaijua haikupotei.

Kunusa kuna faida nyingine. Ukifungua kasha likatoa harufu ya siki, kuna filamu ndani inaoza, na huambukiza jirani zake. Zitenge siku hiyo hiyo. Ukungu unanuka vingine, huo unaujua kwa kabati la nyumbani. Visahani vilivyogeuka vyekundu vyekundu usilaumu kasha. Sawyer's walitumia filamu ya Kodachrome, ambayo ikikaa gizani inadumu. GAF walibadili filamu baadaye, na nyingi za miaka ya 1970 zimekuwa kama damu ya mzee.

Na sisi watu wa pwani, jamani, tuache naftalini. Nimeona kasha limejazwa vidonge vile kama sanduku la kanga. Mimi mwenyewe niliwahi kulifukiza moja udi, nikidhani nalienzi. Miaka sita sasa, bado linanukia harusi. Mume wangu analipenda. Kwa mkusanyaji halina bei tena.

Narudia: usisafishe kabla hujasoma. Fungua kifuniko, tazama chini yake, tazama sakafu ya kasha, piga picha kila ubavu, andika mpangilio ulivyo kabla hujachomoa kisahani hata kimoja. Tunapenda mno vitu ving'ae. Tunarithi nyumba tunapaka rangi juu ya jina la babu. Tunarithi picha tunazikata zitoshe fremu. Kisha tunakaa tukiuliza mbona hatuna historia. Nani ameitoa kama si sisi, na brashi zetu?

Mwezi uliopita, nyumba nyingine, Ijumaa nyingine, nikapata la pili. Dola 40, sikubishana. Karatasi imo, mwandiko wa mwanamke, wino wa bluu. Mstari wa mwisho una namba ya kisahani, hauna mahali wala mwaka. Sijalifuta hata vumbi. Liko rafuni sebuleni na binti yangu anaona haya wageni wakija.

Dada wa Muscat ameniandikia tena leo alfajiri. Kasha amelitoa na kulipangusa. Visahani vingine vimeandikwa Ubelgiji, na hilo si ajabu, Sawyer's walikuwa na kiwanda chao Ulaya, huko Sint-Niklaas. Nikamuuliza kuhusu kifuniko, kuna maandishi? Akasema kifuniko hakikuingia majini, bawaba zake zilikuwa zimeshalegea akakitoa mapema, na ndiyo, kuna maandishi ya baba upande wa ndani, ya penseli, hajayasoma. Kiko wapi? Amekianika dirishani, kwenye jua, kikauke vumbi vizuri.

Nimempigia simu. Hapokei, huenda yuko dukani.