Maswali kwa Mzee wa Usukani: “Midships” hainyooshi meli

SWALI: Shikamoo mzee. Nimemaliza mafunzo ya ubaharia na sasa nasubiri meli. Kiingereza cha kuzungumza ninacho, na shuleni sikuwa nyuma. Lakini rafiki yangu aliyenitangulia baharini ananitisha. Anasema usukani una Kiingereza chake, maofisa wanaamrisha kwa ukali bila hata “please”, na ukijibu “yes, sir” unafokewa. Ni kweli? – S., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako hakudanganyi, ila hilo la ukali ni hofu yake. Nahodha wa jahazi akiona dhoruba inakuja hasemi “jamani naomba mtue tanga.” Anasema “Tua!” na kila mtu anaikimbilia kamba yake. Hakuna anayenuna.

Katika meli kubwa mambo ni hayo hayo, ila mle ndani nahodha aweza kuwa Mgiriki, ofisa wa zamu Mfilipino, rubani, yaani anayeielekeza meli kuingia bandarini, mtu wa Mombasa, na wewe wa Tanga. Kiingereza si lugha ya mama ya hata mmoja wenu. Ndiyo sababu Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha mwaka 2001 misemo maalumu ya mawasiliano ya meli, na amri za usukani zimo humo moja moja pamoja na maana yake. Si mahali pa kuonyesha ufundi wa lugha. A yako ya shuleni iache bandarini.

“Yes, sir” inakataliwa kwa sababu inasema umesikia sauti, haisemi umesikia nini. Rubani akisema “Port ten”, rudia “Port ten” kwanza, ndipo uzungushe gurudumu. Port ni kushoto kwa anayetazama omo, yaani mbele ya meli, na kumi ni nyuzi za usukani. Macho yako yawe kwenye mshale unaoonyesha pembe ya usukani, yasiwe kwenye mikono yako: gurudumu umeshalizungusha, lakini usukani wenyewe uko majini kule tezi, nyuma ya meli, na unachukua muda kufika. Mshale ukigota kumi, sema “Rudder port ten, sir.” Halafu nyamaza na ushikilie. Amri inakaa mpaka ije nyingine. Usirudishe nyuzi mbili tatu kwa kuona meli imegeuka vya kutosha. Kutosha anajua aliyeamrisha. Ila ukiona mshale umefika na omo haigeuki, hapo usingoje kuulizwa, sema mara moja.

Vijana wengi hunaswa na “Midships”. Wanadhani maana yake nyoosha meli. Hapana: maana yake rudisha usukani katikati, basi. Meli ya tani elfu arubaini iliyokwisha kuanza kugeuka itaendelea kugeuka nawe umesimama na usukani ulionyooka, na si kosa lako. Anayetaka kuuzuia mgeuko huo haraka atakuambia “Steady”.

Kisha kuna “Steady as she goes”, ambayo ni kitu kingine kabisa. Ikitamkwa, tazama dira papo hapo, maana mwelekeo unaotakiwa ni ule wa sekunde ile ya amri. Tuseme dira inasoma 284. Unarudia amri, unataja “two eight four”, tarakimu moja moja, si “two hundred and eighty-four”. Meli ikizidi kusogea hadi 287 kwa uzito wake, unairudisha 284, kisha ndipo unasema “Steady on two eight four.” Nimewaona waliongoja meli itulie kwanza ndipo wakasoma dira. Katika mlango wa Kilindini, feri za Likoni zikikatiza mbele yako, nyuzi tatu si kitu cha kuchezea.

Usiposikia vizuri, sema “Say again, sir.” Kubahatisha hapana.

SWALI: Mzee, mashua yangu ya uvuvi ina redio ya VHF. Nasikia ujumbe mwingine unaanza na “Instruction”, mwingine “Advice”. Kwani si wote wanatuamrisha tu? – Mvuvi, Mombasa

JIBU: La. “Instruction” ni amri ya mwenye mamlaka kisheria, kama kituo cha kuongoza meli. Unaifuata, isipokuwa kuifuata kungekuhatarisha, na hapo lazima umweleze. “Advice” ni ushauri. Uamuzi unabaki kwako na lawama pia. Neno hilo la mwanzo liliwekwa kwa sababu Kiingereza cha kawaida kina adabu inayoficha mambo. Mtu akikuambia “You should anchor”, ni ushauri huo au amri? Hata Mwingereza atakuna kichwa.

SWALI: Nimesoma kwamba usiku wa Titanic ofisa aliamuru “hard a-starboard”, yaani kulia, na meli ikageuka kushoto. Mshika usukani alichanganyikiwa? – A., Zanzibar

JIBU: Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Usiku ule wa tarehe 14 Aprili 1912, ofisa Murdoch alitoa amri na mshika usukani Robert Hichens aliifuata sawasawa. Wewe wa Zanzibar utaelewa haraka kuliko wengi: umeshika kana, ule mkono wa usukani wa mashua, ukiisukuma kulia, omo inakwenda wapi? Kushoto. Amri za zamani zilitaja upande wa kana, si upande wa meli, na desturi hiyo ilibaki hata meli zilipopata magurudumu. Nchi mbalimbali ziliiacha kwa nyakati tofauti, na ikawa kero kwa marubani waliopanda meli za mataifa yote. Meli za Uingereza zilianza kutumia mtindo wa sasa mwaka 1933. Kwa hiyo ukisoma habari za ajali ya meli ya Kiingereza, angalia kwanza tarehe, ndipo umlaumu mshika usukani.